Nimemfundisha binti yangu shahada ya Kiislamu kwa siri. Je, nimemkana Yesu?



Sisi ni Wakristo kutoka Kitui, tunaishi mjini Garissa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, nami nauza nafaka sokoni. Tuna mabinti wawili, wa miaka 13 na 8.

Mwaka jana alikuja mhubiri mgeni, akafundisha juu ya wale wanawali kumi na taa zao. Tangu siku hiyo mume wangu hutuamsha saa tisa usiku. Tukishaomba, anawauliza watoto kwa zamu: “Wauaji wakija wakikuuliza dini yako, utasemaje?” Kisha anawasimulia habari za Kizito, mfiadini wa Uganda. Yule mdogo sasa anakojoa kitandani, na pikipiki ikipiga mlio nje anakimbilia uvunguni. Mume wangu amewakataza pia kucheza na watoto wa jirani yetu Msomali, na wamekua pamoja.

Nikimwomba aandike wosia, au abadilishe fomu ya sacco ambayo bado ina jina la marehemu mamake, ananiambia nisimtabirie kifo.

Shangazi, linaloninyima usingizi ni hili. Nimeishika shahada kwa kuwasikiliza watoto wa jirani, nikamfundisha binti yangu mkubwa ili siku ikifika apone. Babake hajui. Je, nimemkana Yesu? Na tuhame? Nisisahau: kuna kijana ambaye mume wangu aliwahi kumfundisha, aliyeuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Hajawahi kumtaja tena.

Mama Wasichana, Garissa

*

Mwanangu, hujamkana. Nimelitanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Swali lako si geni kanisani, na liliwahi kuulizwa papa hapa Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma, na kila aliyetoa akapewa hati. Huko Karthage Wakristo wengi walitoa. Wengine waliwahonga maofisa wakapata hati bila kutoa chochote. Askofu wao, Sipriani, alikuwa mafichoni akiliongoza kanisa kwa barua. Mateso yalipopungua, maaskofu wakakutana mwaka 251 kuamua wawafanyeje watu hao. Waliotoa sadaka waliwekewa toba ndefu. Walionunua hati walirudishwa mapema, kila mmoja kwa kuangaliwa kisa chake, kwa kuwa hofu ya mtu kwa ajili ya mkewe na watoto wake si jambo la kupuuzwa. Sipriani huyo hakuwa mtu wa kuogopa kifo, maana alikuja kukatwa kichwa kwa imani yake mwaka 258. Ikiwa watu wa namna hiyo walipima makosa kwa upole, mimi ni nani nimhukumu mama aliyefunza mtoto maneno machache asije akamzika?

Hata hivyo sikupongezi. Shahada ni ungamo la imani ya jirani yako, naye huitamka kwa moyo wake wote. Kuifanya hirizi hakumheshimu. Tena mwenye nia ya kuua hakosi swali la pili. Lakini zaidi ya hayo namwazia huyo binti wa miaka 13. Usiku babake anamfundisha kufa, mchana mamake anamfundisha kuponea chupuchupu, na wote wawili wanamwambia kwamba wauaji wako njiani. Akishika somo la mmoja amemsaliti mwingine. Mzigo huo ni wenu wazazi. Mtueni.

Sasa mumeo. Usimdharau kwamba anaogopa kivuli. Tarehe 1 Julai 2012, Jumapili, makanisa mawili ya mji wenu yalishambuliwa kwa siku moja, AIC na lile la Katoliki, na pale AIC askari waliokuwa wakilinda waliuawa kwanza. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakaondoka kaunti hiyo. Katikati ya hayo kuna tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu. Watu 148 waliuawa pale chuoni, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo ni vijana waliokuwa wamekusanyika kwa maombi ya alfajiri.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, kisha ufikirie saa tisa ya mumeo. Mhubiri mgeni alikuja na kuondoka. Nadhani mumeo anaamshwa na yule kijana. Matanga ambayo hakuyakalia mwaka ule anayakalia sasa, na amewakalisha watoto pamoja naye.

Kwa hiyo usianze kwa kubishana naye juu ya maombi, utashindwa, na utaonekana huna imani. Subiri watoto walale, muulize kuhusu kijana huyo. Alikuwa akikaa dawati gani? Alikuwa mzuri katika somo gani? Umwache aseme, hata akinyamaza robo saa. Siku nyingine ndipo umweleze habari ya shahada. Atakasirika, na ana haki, lakini heri aisikie kwako kuliko imponyoke mtoto usiku mmoja wa maswali.

Akitaka Maandiko, mrudishe kwa walewale wanawali. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu sawasawa. Hakuna aliyelaumiwa kwa usingizi. Kilichowatenga ni mafuta, na mafuta hutafutwa mapema, maduka yakiwa wazi. Basi waacheni wasichana walale. Ombeni baada ya chakula cha jioni, kwa ufupi, na mmoja wao aruhusiwe kuchagua wimbo. Baba akitaka kukesha saa tisa akeshe peke yake. Ni sala njema ikiwa ya mtu mzima.

Na Kizito? Alikuwa kijana wa miaka kama 14 katika jumba la Kabaka Mwanga, akauawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Lakini mumeo amemruka mtu mmoja katika hadithi hiyo. Karoli Lwanga, kiongozi wa wale vijana, ndiye aliyewakinga dhidi ya tamaa za mfalme, na ndiye aliyembatiza Kizito siku chache kabla ya kuuawa. Alijiweka yeye kati ya mtoto na hatari. Baba wa nyumba anayetafuta mfano wa kufuata aanzie kwa Lwanga, wala asimtangulize mtoto wa miaka minane.

Nayo mafuta ya nyumba yenu yamo katika zile karatasi anazozikwepa. Anajiandaa kwa mbingu huku fomu ya sacco ikiwa na jina la marehemu! Wosia wa maandishi unahitaji kushuhudiwa na watu wawili, na ni busara wasiwe miongoni mwa warithi. Asikwambie kwamba atawaambia kwa mdomo, kwa sababu katika sheria yetu ya urithi wosia wa mdomo unataka pia mashahidi wawili, na hufa usipofuatwa na kifo cha mwenyewe ndani ya miezi mitatu. Madeni nayo yaandikwe. Na kama kuna ndugu ambaye hamsemezani, kupatana naye kuna uzito kuliko mikesha yote ya mwaka huu.

Huyo mdogo mpeleke hospitali ya rufaa hapo Garissa, ueleze kukojoa na kukimbilia uvunguni, usione haya. Hakuna pepo hapo. Ni hofu, na ina wataalamu wake.

Kuhusu jirani, nitasema bila kuzunguka: mumeo amefunga mlango usio wake kufunga. Baada ya mashambulizi yale ya 2012 viongozi wa Kiislamu walijitolea kuweka vijana wa kulinda makanisa. Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Wengine waliwapa wenzao nguo za kujistiri. Mwalimu Salah Farah, mwalimu kama mumeo, alipigwa risasi hapo na kufariki Januari iliyofuata. Rudisha watoto wacheze. Na wasichana wako waijue kwa kichwa namba ya simu ya mama huyo wa jirani.

Tuhame? Yusufu aliambiwa usiku kwamba Herode anamtafuta mtoto, akaondoka naye kwenda Misri usiku uleule, na hakuna aliyemwita mwoga. Mkiamua kubaki, bakini. Wapo Wakristo wanaoishi Garissa miaka mingi na hawana mpango wa kuondoka. Mkiamua kwenda, nendeni bila kujieleza kwa mtu. Ila ombi la uhamisho alipeleke kwa tume ya walimu, TSC, yeye mwenyewe, kwa jina lake na kwa hiari yake. Usimjazie wewe kichinichini. Siri moja katika nyumba hiyo imetosha.