Wosia wa Mwana Kupona

Watu wa pwani, tangu Mbweni iliyo kaskazini ya Dar es Salaam hata Lamu na Pate, wana desturi moja. Mtu mzima akiona ya kuwa siku zake zinakwisha, huwaita watoto wake akawapa wosia. Naye akiisha kufa, jamaa hukusanyika matangani, wakaambiana, "Marehemu mama alituusia hivi na hivi." Maneno hayo hukaa vinywani mwa watoto, na pengine mwa wajukuu, halafu hupotea, kwa sababu hayakuandikwa. Habari hii ni ya mama mmoja ambaye wosia wake haukupotea.

Jina lake Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kimoja katika visiwa vya Lamu, ambavyo leo vimo katika nchi ya Kenya. Akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siu, ulio katika kisiwa kile kile. Bwana Mataka alikuwa mtu wa vita. Kwa miaka mingi alikataa kumtii Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Na katika miaka ya 1840 Sultani alipopeleka jeshi lake Pate, jeshi hilo lilishindwa. Mwana Kupona alimzalia mumewe watoto wawili: binti, jina lake Mwana Hashima, na mtoto wa kiume, jina lake Muhammad.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Mwana Kupona akabaki mjane, na baadaye akashikwa na maradhi mazito. Mwaka mzima ulipita, wala hakupata nafuu. Basi likamjia jambo linalomjia kila mzazi aliye mgonjwa: hofu ya kuwa atakufa kabla hajasema na mwanawe. Mwana Hashima alikuwa bado kuingia katika mambo ya utu uzima. Nani angemfundisha?

Mwana Kupona hakungoja zaidi. Mwaka wa 1275 wa Hijra, yaani kama 1858, alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake. Mwanzoni anamwita aje karibu, aketi, naye achukue wino na karatasi. Anamwambia ya kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamwahidi zawadi mbili: hirizi ya kujifunga, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Lakini hirizi ile si ya ngozi, wala kidani kile hakikutoka kwa sonara. Zawadi zote mbili ni maneno yenyewe.

Tena aliyafunga maneno hayo kwa ufundi, yasisahauliwe. Utenzi wake una beti mia na mbili. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina vina vya namna moja. Kipande cha nne kina kina chake, na kina hicho hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Mtu akisahau neno, kina humkumbusha. Ndiyo maana hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuushika utenzi mzima moyoni.

Je, alimuusia nini? Kwanza ashike dini. Pili awe na adabu na ulimi mwema. Tatu awe mkweli. Akamwambia ya kuwa mwanadamu anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Katika kueleza habari za mume alisema mengi juu ya utii wa mke, na wasomaji wa leo hawapatani juu ya maneno hayo: wengine huyasifu, na wengine husema ni ya zamani zile tu. Lakini hapo hapo yamo maneno ambayo hakuna anayeyabishia. Mama huyu anamwambia mwanawe ya kuwa yeye na baba yake walikaa kwa furaha na kucheka, wala hawakuvunjiana heshima siku zote za ndoa yao. Mwisho anaugeukia uso wa Mungu na kuwaombea wanawe.

Baada ya miaka michache Mwana Kupona alifariki. Mmoja wa wana wa Bwana Mataka alifuata njia ya baba yake, akapigana na Sultani Majid. Akakamatwa, akafa mfungwa huko Mombasa. Nguvu za ukoo ule katika Siu zikaisha. Lakini Mwana Hashima aliutunza wosia wa mama yake. Watu wakaunakili kwa herufi za Kiarabu, nyumba kwa nyumba, na wanawake wa Lamu wakawafundisha binti zao. Mwaka 1917 bibi Mwingereza, Alice Werner, aliupiga chapa. Na mwaka 1934 ukatolewa tena katika kitabu peke yake. Leo unasomwa hata katika vyuo vikuu.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Bwana Mataka alikuwa na askari na bunduki, na sifa zake zilifika Unguja. Mkewe alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba, mwenye wino na karatasi. Leo wengi walisikiapo jina la Bwana Mataka huuliza, "Ni nani huyo?" nao hujibiwa, "Ni mume wa Mwana Kupona."

Si kila bibi ajuaye kutunga utenzi. Lakini kila bibi ana maneno yake, na katika nyumba nyingi yumo mtoto ajuaye kuandika. Mwana Kupona alimwita binti yake aje na wino. Mtoto mwenye busara haongoji kuitwa.

Maneno magumu

Wosia: maneno anayoachiwa mtu na mzazi au mkubwa wake.
Kidani: pambo la kuvaa shingoni.
Mizani: hesabu ya silabi katika kipande cha shairi.
Radhi: kuridhika kwa mtu juu ya mwenziwe.

Maswali

1. Mwana Kupona aliogopa nini alipokuwa mgonjwa?
2. Hirizi na kidani alivyomwahidi binti yake vilikuwa nini?
3. Vina vilisaidiaje wosia huu usisahauliwe?
4. Kwa nini leo Mwana Kupona anajulikana kuliko mumewe?
5. Mwulize bibi yako au mzee mwingine wa nyumbani neno moja aliloachiwa na mama yake. Liandike kama alivyolisema.