Nani Bora Kuliko Abu Salama?



Baba alipofariki muhula uliopita, nilishindwa kumalizia dua ya msiba. "Innaa lillaahi" niliitamka, lakini kumwomba Allah anipe badala iliyo bora? Bora kuliko baba?

Kisha darasani tukasoma hadithi ya Ummu Salama katika Sahih Muslim. Mumewe, Abu Salama, alifariki mwaka wa 4 Hijria kutokana na jeraha la Uhud lililotoneka. Dua hiyo alikwisha fundishwa, naye akajiuliza swali langu lile lile: Mwislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama? Hata hivyo akaisoma. Allah akamruzuku Mtume (s.a.w.) kuwa mume wake na mlezi wa yatima wake.

Funzo nililolipata ni hili: subira haikumtaka afute mapenzi wala swali. Ilimtaka aombe. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, ila ulimi wake haukumlalamikia Mola.

Badala ya baba bado sijaiona. Lakini usiku ule niliimalizia dua, na kila baada ya swala namwombea maghufira. Nawe uliyefiwa, usiiache katikati.