Ukikataliwa simu ya mkataba Uingereza, usikimbilie duka la pili

Wiki hii nazungumza na wenye watoto na jamaa Uingereza, na wale wanaojiandaa kwenda. Jambo lenyewe laonekana dogo, ni simu ya mkono tu, lakini mimi lilinifunga mlango kwa miezi kadhaa.

Mwaka 2016 nilikuwa Leicester. Nikaingia duka la wakala, yaani duka lisilo la kampuni moja bali linauza simu za mitandao mbalimbali. Nilitaka simu ya mkataba wa miezi 24, unachukua simu leo na kulipa kila mwezi. Kijana wa dukani akaandika jina langu, akaunti ya benki, na anuani zangu za miaka mitatu. Baada ya dakika chache akasema, "Samahani, umekataliwa." Sababu hakuijua. Akanishauri nijaribu duka la jirani. Nikajaribu huko, na jingine tena. Siku moja, maduka matatu, majibu matatu ya aina moja. Nikatoka nikiamini kwamba tatizo ni jina langu la Kiislamu.

Jioni msikitini nikamsimulia ami yangu mmoja, mtu wa Unguja aliyeishi huko miaka mingi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mlango umeufunga mwenyewe. Yule kijana wa dukani si hakimu."

Na kweli. Wakala anauza tu na kulipwa kamisheni. Mkataba wa laini ni baina yako na kampuni ya mtandao, na kampuni hiyo ndiyo inayoamua, baada ya kuangalia faili lako katika taasisi za taarifa za mikopo. Kubwa ni tatu: Experian, Equifax na TransUnion. Kwa hiyo ukihama duka ukaomba mtandao ule ule, umerudi kwa hakimu yule yule kwa mlango mwingine. Ubaya zaidi, kila ombi kamili huacha alama kwenye faili, na wakopeshaji wengine kwa kawaida huiona kwa muda wa miezi 12. Alama nyingi kwa siku chache humfanya mtu aonekane amebanwa na shida ya fedha. Upo pia uchunguzi mwepesi ambao wakopeshaji wengine hawauoni. Uliza kwanza kama duka linao kabla hujakubali lolote.

Nikaagiza faili langu. Wakati ule ililipiwa paundi 2; tangu Mei 2018 ni bure kwa sheria. Nilitarajia kukuta deni la mtu mwingine. Sikukuta deni lolote. Faili lilikuwa karibu tupu! Mimi niliyejivunia kutokopa, kwa kuogopa riba, mbele ya mashine nilikuwa mtu asiyejulikana. Hapo Waislamu wengi tunajikwaa bila kujua: kutokuwa na deni si sifa mbaya, lakini mwenye kukukopesha simu anatafuta ushahidi kwamba unalipa, na mimi sikuwa nao. Tena anuani yangu iliandikwa namna mbili, benki hivi na kwingine vile, na sikuwamo katika daftari la wapiga kura.

Hilo la daftari nililidhania ni la raia wa huko peke yao. Kumbe Mtanzania au Mkenya mwenye kibali halali cha kukaa anaruhusiwa kujiandikisha, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Kujiandikisha kunathibitisha kwamba unaishi pale unaposema unaishi.

Nionye na jambo jingine. Vijana wetu wakikataliwa humwendea ndugu au rafiki wa msikitini, "Nichukulie kwa jina lako, nitakuwa nakulipa." Huyo ndiye mdaiwa, si wewe. Miezi mitatu usipolipa, doa linaingia katika faili lake na kukaa miaka sita, na akiomba nyumba ya kupanga wewe huenda umeshahamia Birmingham. Nimeona undugu wa miaka ukivunjika kwa simu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Tuandikiane basi, au tusiombane.

Ukikataliwa, muulize aliyekukataa ametumia taasisi ipi. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974 inakupa haki hiyo. Kisha soma faili, na penye kosa omba lirekebishwe. Mimi nilisahihisha anuani, nikajiandikisha, nikachukua laini tupu ya malipo ya kila mwezi bila simu. Baada ya miezi minane nilirudi kwa yule kijana wa kwanza. Hakunikumbuka. Safari hii ilichukua dakika kumi, nikaondoka na simu.