Dondoo muhimu: Kuuza vitenge kupitia WhatsApp

Andika bei. "Bei njoo inboksi" inafukuza wateja. Wengi huhisi bei itapangwa kwa kuangalia sura, basi wanapita. Tandaza kitenge mchana karibu na mlango, rangi zionekane zilivyo, piga picha, kisha chini yake weka bei, idadi ya yadi na mahali duka lilipo.

Stetasi hudumu saa 24 tu, na huonwa na waliohifadhi namba yako nawe ukahifadhi zao. Kwa hiyo kila anayenunua dukani, mseviane namba palepale. WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi ya bidhaa, itumie. Kitenge kilichokwisha kiondoe siku hiyohiyo, asije mtu akapanda daladala mbili kufuata mzigo ambao haupo.