Ruhusa Hushuka Kutoka Juu

Baada ya mavuno ya mwaka jana, mama mmoja aliye mweka hazina wa chama cha wakulima ninachokitumikia hapa Naitiri alinijia ofisini, akaketi, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko ukali: “Mwanangu, yule kijana wako amejuaje deni langu la mbolea?” Kijana hakuwa na hila yoyote, aliyafungua mafaili ya hesabu kwa sababu mimi mwenyewe, pasipo kutambua, nilikuwa nimempa ruhusa ya kuyafungua.

Kazi zetu tunaziweka GitLab, katika kundi kuu lenye makundi madogo ndani yake, moja la tovuti na moja la hesabu za wanachama. Kijana huyo, mwanagenzi wangu, nilimwandikisha katika kundi kuu kwa daraja ya mtengenezaji, ambayo GitLab huihesabu 30, nikidhani ya kuwa nikifika kwenye kundi la hesabu nitamteremsha hadi daraja ya mgeni, yaani 10. Kumbe idhini iliyotolewa juu hurithiwa na kila kilicho chini yake, na huko chini yaweza kuzidishwa, lakini kupunguzwa haiwezekani asilani.

Basi yakikufika kama yangu, fungua orodha ya wanachama wa kundi dogo, utazame kila jina limetoka wapi. Lililorithiwa haliondoleki hapo, bali ulifuate mpaka kwenye asili yake na kuliondoa huko, kisha ndipo umwandikishe mtu katika kundi dogo analolihitaji, na hilo peke yake. Nasisitiza mfuatano huo, kwani wakati wa kumwondoa mtu juu kuna kisanduku ambacho, kikitiwa alama, humfuta pia katika makundi madogo alikoandikishwa moja kwa moja.

Waliozoea mfumo wa Subversion huenda wakastaajabu, maana katika faili lake la idhini sheria ya folda ya ndani huishinda ile iliyorithiwa, na ukiandika jina la mtu pamoja na alama ya usawa, usiandike kitu mbele yake, umemfungia. Git, ambayo GitLab imejengwa juu yake na ambayo ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, haina kufuli ya kila folda: aruhusiwaye kusoma ghala husoma lote, na kwa hiyo hesabu za watu lazima ziwe na ghala lake mbali.

Na jambo hili lilinikosesha usingizi: kumwondoa mtu hakuifuti nakala aliyokwisha kuivuta, ambayo hubaki kwenye kompyuta yake pamoja na historia yake nzima. Nilikaa na kijana, tukaifuta pamoja.

Mama aliporudi nilimwonyesha orodha ya kundi kuu, iliyosalia na majina mawili, langu na la katibu, ili mmoja akiugua kazi isisimame. Akavaa miwani, akayasoma mwenyewe mara mbili, ndipo akaniaga.