Kabla ya Kupulizia Dawa ya Mbu, Sikilizaneni

Wapendwa wanandoa, ugomvi mwingi wa nyumbani huanza na jambo dogo. Bwana anasikia mbu, anachukua kopo la dawa na kupulizia chumba kizima, hali mama na mtoto wamekwisha kulala. Mtoto anakohoa, mama analalamika, na bwana anaona amelaumiwa kwa wema wake.

Nia njema peke yake haitoshi. Dawa nyingi za kopo zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, linalolimwa kwetu Nakuru na Nyandarua. Humwua mdudu upesi, lakini huweza kumbana kifua mwenye pumu.

Basi saidianeni. Pulizieni mapema jioni, kabla watoto hawajalala. Mama afunike chakula na maji. Baba azime jiko na taa ya mafuta, kwa maana gesi ya kopo hushika moto. Watoto watoke. Anayepulizia afunge mlango, kisha anawe mikono kwa sabuni. Muda ulioandikwa kwenye kopo ukiisha, fungueni madirisha hewa ipite ndipo muingie. Msipulizie kamwe matandiko wala nguo za mtoto. Kopo likae juu, watoto wasilifikie. Likiisha, lisitobolewe wala kutupwa motoni.

Dawa ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na kopo.

Jioni ya leo, someni pamoja maandishi ya kopo lenu. Kuilinda hata pumzi ya mwenzako ni sehemu ya ahadi mliyowekeana mbele ya altare.