Madirisha ya Nyumba ya Pwani: Fanya, Usifanye

Ninaitwa mara kwa mara kwenye nyumba za Dar es Salaam ambazo wenyewe wamelipa fedha ili ziwe na joto. Mtu ameng'oa madirisha mazima, ameweka alumini na kioo cheusi, kisha ananiuliza anunue kiyoyozi cha ukubwa gani. Mali nzuri imetupwa, na umeme usiohitajika utaliwa kila usiku nyumba ile ikisimama. Soma haya kabla hujampa fundi kianzio.

KABLA YA KUNG'OA

Fanya

Kagua dirisha ulilonalo. Chomeka bisibisi kwenye fremu, hasa pembe za chini ambako maji ya mvua hutuama. Isipozama, mbao ni nzima. Bawaba iliyolegea, komeo lililokatika, kioo kilichopasuka: hayo yanatengenezeka, na kwa fedha kidogo.

Lowesha rangi ya zamani kabla ya kuipiga msasa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Hakuna kiwango kilicho salama. Watoto wasiwepo siku hiyo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio.

Usifanye

Using'oe mninga kwa sababu jirani ameweka alumini. Nimeona Tabata fremu za mninga, hazina hata tundu moja la mchwa, zikipasuliwa kuni za kupikia wali wa mafundi. Mti wa kutoa fremu kama zile huishi miongo mingi msituni. Na kuyeyusha tani moja ya alumini mpya hula takriban kilowati-saa 14,000 za umeme. Ni aibu.

Usiguse dirisha la Mji Mkongwe, Zanzibar, bila kibali cha mamlaka ya hifadhi. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Zaidi ya hapo, shata zake za mbao huzuia jua na kupitisha upepo kwa wakati mmoja. Kioo hakiwezi kazi hiyo.

UPEPO

Fanya

Chagua dirisha linalofunguka lote. La bawaba likifunguliwa, nafasi yote ni yako. La luva, karibu yote. La kusukuma pembeni kwa kawaida hukupa nusu tu, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Umelipia futi tano, unapumulia mbili na nusu. Wavu wa mbu ukiongezwa, upepo unapungua tena. Wavu lazima uwepo, kwa hiyo nafasi iwe kubwa.

Kipe kila chumba cha kulala njia mbili za hewa, kwenye kuta tofauti. Upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje kitobolewe matundu juu ya mlango wa ndani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi kama Machi, kisha kusi hushika katikati ya mwaka. Fundi asiyejua pepo hizo zinagonga ukuta upi wa nyumba yako bado hajachukua vipimo.

Usifanye

Usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Hewa ya moto hupanda, na hutokea hapo. Vumbi likikusumbua, futa.

Usifunge grili isiyofunguka kwenye kila dirisha la chumba cha kulala. Grili moja iwe na bawaba, ifunguliwe kwa ndani, na kila anayelala humo ajue ufunguo ulipo. Hili si la mazingira, nalisema hivyo hivyo, kwa sababu nyumba ikishika moto watu huungua mikono ikiwa imeshika nondo.

JUA

Fanya

Zuia jua likiwa bado nje. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua. Pazia la ndani linachelewa, maana joto limeshaingia. Weka kofia ya zege juu ya dirisha, shata, chiki za mianzi, au panda mwarobaini. Dar es Salaam iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa juu sana, na kofia ya kiasi hutosha kwa madirisha ya kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, na kofia haisaidii. Huko weka shata au mti, na dirisha la magharibi lifanye dogo.

Usifanye

Usinunue kioo cheusi ukidhani umenunua kivuli. Kinanyonya joto, kinapata moto, kisha kinarusha sehemu yake chumbani. Kiguse saa tisa alasiri. Chumba nacho huwa giza, ukawasha taa mchana kweupe.

Usidanganywe na vioo vya tabaka mbili. Uingereza vinatunza joto ndani wakati wa baridi. Nyumba ya Kigamboni inayolala madirisha wazi haina cha kutunza. Wa Njombe na Makete mna shida nyingine, baridi: zibeni mianya, na Juni na Julai acheni jua la kaskazini liingie.

Usianze na kiyoyozi. Mbali na LUKU, kuna gesi yake. Kilo moja ya R-410A ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban tani mbili za kaboni dayoksaidi.

KUNUNUA NA KUTUPA

Fanya

Kama fremu imeoza kweli, nunua mtiki wa mashamba ya kupandwa, kama Longuza na Mtibwa. Dai hati za Wakala wa Huduma za Misitu. Muuzaji akisema hati zipo njiani, ondoka.

Fremu kuukuu ya alumini iuze chakavu. Kuiyeyusha upya hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya.

Usifanye

Usimwachie fundi atupe vioo kwenye mtaro. Masika mtaro unaziba, na anayeingia kuuzibua ni kijana asiye na viatu. Vizima mpe anayejenga, vilivyovunjika vifungwe kwenye gunia lenye alama, na fundi asimaliziwe malipo yake mpaka uwanja uwe safi.